Vigawo vya Namba 3,210,000 katika Mpango wa Karanga: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Waraka wa Serikali ya Uingereza wa Februari 1947 ulikusudia karanga zilimwe kwa mashine katika ekari 3,210,000 za Tanganyika, Kenya na Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mtafiti wa historia ya ardhi katika Nachingwea na jirani yake Ruangwa hawezi kuikwepa namba hii. Sufuri zake nne za mwisho huweza kumfanya adhani kwamba ni kipimo cha ardhi kilichokadiriwa. Vigawo vyake vinaelekeza kwingine.

Ikichanganuliwa kwa namba tasa, 3,210,000 ni 2⁴ × 3 × 5⁴ × 107. Kila kipeo kikiongezwa moja na matokeo kuzidishwa, hupatikana vigawo 100. Jumla ya vigawo hivyo, namba yenyewe ikiachwa, ni 7,249,152. Hivyo namba hii imo katika kundi la namba zinazozidiwa na jumla ya vigawo vyake. Uainishaji huo, hata hivyo, hauna uzito hapa, kwa kuwa kila kigawe cha 6 kinachozidi 6 kina sifa hiyo hiyo.

Chenye uzito ni 107. Namba tasa ya ukubwa huo haitokani na desturi ya kukadiria kwa makumi au mamia. Ni kweli kwamba 321 × 10,000 huleta jibu lile lile, na vigawo peke yake havithibitishi jambo. Uthibitisho umo katika waraka wenyewe, uliopanga mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 10 Kenya na 17 Rodesia ya Kaskazini. Kwa hiyo 3,210,000 ni zao la hesabu ya mezani, wala si kipimo cha ardhi iliyokwisha kupimwa.

Jimbo la Kusini, ambako Nachingwea ilifanywa kitovu cha mpango, lilipangiwa mashamba 55, yaani ekari 1,650,000. Kwa kuwa 107 ni tasa, sehemu 55/107 haifupishiki. Anayeandika kwamba Kusini ilipewa "nusu" ya mpango huacha nje shamba moja na nusu, sawa na ekari 45,000.

Upungufu huo si mdogo. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, yaani mashamba matano. Zilizopandwa msimu huo, huko Kongwa, zilikuwa takriban 7,500, robo ya shamba moja.