Mgeni wa Kakuma na jembe asilopewa

Wahenga wetu walituachia kanuni fupi ya ukarimu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumfukuza mgeni. Ukishamlaza na kumlisha, mpe na njia ya kujitegemea. Methali hii imekuwa ikinirudia tangu kazi iliponileta Lorugum, mji mdogo wa Loima, magharibi ya Lodwar. Kutoka Lodwar, ukishika barabara ya kuelekea Sudan Kusini, kama kilomita 120 zakufikisha Kakuma. Hapo, pamoja na makazi ya jirani ya Kalobeyei, wanaishi wageni karibu 300,000. Kambi yenyewe ilianza 1992, na wengi wao hadi leo hawajapewa jembe.

Kila nikishuka pwani huulizwa swali lilelile: "Si wanalishwa na UN hao? Shida yao ni nini tena?" Leo nataka kulijibu hatua kwa hatua.

Kwanza tutenganishe watu wawili. Mkimbizi ni yule ambaye serikali imeshamkubali. Mwomba hifadhi ni yule aliyefika na kujiandikisha, lakini kesi yake bado haijaamuliwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka ajitokeze mbele ya maafisa ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Baada ya hapo husubiri mahojiano na uamuzi, na kusubiri huko kwaweza kuwa kwa miezi, hata miaka. Bila kitambulisho cha mkimbizi ni taabu kusajili laini ya simu, kufungua akaunti au kuomba kibali cha kazi. Kutoka nje ya kambi nako kunahitaji ruhusa ya maandishi. Mtu wa namna hii si mvivu. Amefungwa mikono kwa karatasi ambayo haijatoka.

Sasa nani humshika mkono? Anayeingia kutoka Sudan Kusini kupitia mpaka wa Nadapal hufikishwa kituo cha mapokezi, ambako hulala pamoja na wengine na kula chakula kilichopikwa. Idara ya serikali ya wakimbizi humwandikisha, na UNHCR na mashirika yanayoshirikiana nayo humsaidia. Lutheran World Federation, kwa mfano, wako Kakuma tangu mwaka ule wa 1992, walipofika maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea bila wazazi.

Kisha yaja makazi. Mwanzo huwa ni turubai juu ya miti, au kijumba cha matofali ya udongo na mabati. Jua la Turkana ni kali kiasi kwamba mabati hayo mchana hayakaliki chini yake, na mvua ikija laga zikajaa, kuta za udongo huporomoka. Ndiyo maana Kalobeyei, tangu 2018, walianza njia nyingine: familia hupewa pesa kwa awamu kupitia benki, ikatafuta fundi wake, ikanunua vifaa vyake na kujenga nyumba ya kudumu. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Fundi amepata kazi, mwenye duka ameuza saruji, na mama mwenye nyumba ameamua mwenyewe mlango utazame wapi.

Lakini nyumba bila chakula haikaliki. Kuanzia 2015 sehemu ya mgao wa Kakuma ilitolewa kwa simu kwa mpango ulioitwa Bamba Chakula, uliomwezesha mtu kununua anachotaka kwa maduka yaliyosajiliwa. Mwaka 2025 fedha za wafadhili, hasa Marekani, zilipunguzwa sana. Kufikia Juni mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa limeshusha mgao hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Baadaye familia ziligawanywa mafungu manne kulingana na uhitaji wao, ili kidogo kilichopo kiwafikie walio hoi zaidi. Watu waliandamana. Ukimwambia mtu ajitegemee huku hujamruhusu kutoka wala kufanya kazi, kisha ukampunguzia sahani, usishangae akipaza sauti.

Hapo ndipo utawaona wasaidizi wasiokuwa na magari meupe wala fulana zenye nembo. Ni mkimbizi wa zamani anayempa mgeni kona ya kulala. Ni mama wa Kikongo au wa Kirundi anayemtafsiria jirani yake, na Kiswahili chetu ndicho kinachowaunganisha wengi pale. Ni mwenye duka anayeandika deni kwenye daftari ingawa hajui litalipwa lini. Ni misikiti na makanisa yanayochangisha unga.

Tusimsahau Mturkana mwenyewe. Mama wa Kiturkana huuza kuni na makaa kambini, na mara nyingi hulipwa kwa chakula cha mgao. Kwa hiyo mgao ukipungua kwa mkimbizi, sufuria ya mwenyeji nayo hupungua. Hapa Lorugum nasikia watu wakiuliza: mgeni anajengewa, na mimi niliyepoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023 nitajengewa na nani? Ni swali la haki. Kalobeyei ilipangwa kwa kulizingatia swali hilo, ili shule na zahanati zitumike na mgeni na mwenyeji pamoja. Na mgeni akipewa nafasi, mwenyeji hupona kweli: utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliotolewa 2018 ulikuta zaidi ya maduka 2,000 ndani ya Kakuma.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi ziwe makazi ya kawaida ambako mkimbizi na mwenyeji watatumia huduma moja. Kwa lugha ya wahenga, hilo ndilo jembe. Ila jembe lina mpini, na mpini ni karatasi. Mpango wowote usioharakisha vitambulisho utabaki kuwa hotuba.

Nasi wa pwani tunahusikaje? Tulio na miaka arubaini na kitu twakumbuka. Somalia ilipovunjika 1991, majahazi yalishusha Mombasa na Malindi watu wa Barawa, Wabajuni na Wabenadiri, wengine wakizungumza Chimiini ambacho ni ndugu wa Kiswahili chetu. Walikaa Utange, Swaleh Nguru na Marafa, na wengi walipewa vyumba na jamaa na majirani. Kambi hizo zilipofungwa katika miaka hiyo ya tisini, wengi waliobaki walihamishiwa Dadaab na hapa Kakuma. Kwa hiyo Kakuma si habari ya watu wa mbali.

Nina maombi matatu. Zaka yetu ina fungu la ibnu sabil, msafiri aliyekwama. Maimamu na kamati za misikiti na wakae wauulize wakati huu ni nani mwenye sifa hiyo zaidi ya mwomba hifadhi. Pili, tukichanga, tuwaulize walioko kule wanahitaji nini kabla ya kujaza lori nguo kuukuu: pesa, cherehani na vifaa vya ufundi hufanya kazi zaidi. Tatu, kama nyumbani kwako kuna mtu aliyekimbia vita na hana karatasi, usimfiche wala usimwache azunguke na madalali wa vitambulisho. Mpeleke kwa wanasheria wa msaada, kama Kituo cha Sheria walio na ofisi Mombasa, wamwelekeze njia halali mapema.

Siku mbili za mgeni zimepita zamani. Kazi iliyobaki ni ya kutengeneza mpini.