Matoleo ya awali ya vitabu vya Shaaban Robert

Matoleo ya awali ya vitabu vya Shaaban Robert ni vitabu vya mshairi na mwandishi huyo wa Tanganyika (1909–1962) jinsi vilivyochapishwa mara ya kwanza, ama akiwa hai au katika miaka michache baada ya kifo chake. Kuviorodhesha ni kazi ya mkutubi, lakini matokeo yake humgusa kila msomaji. Mwaka ulioandikwa katika orodha ya maktaba ndio ambao wanafunzi wengi huuchukua kuwa mwaka wa kutungwa kwa kitabu, na kwa Shaaban Robert miaka hiyo miwili mara nyingi haifanani.

Mwaka wa kutungwa na mwaka wa kuchapishwa

Mfano ulio wazi zaidi ni Utenzi wa Vita vya Uhuru. Utenzi huo wenye beti zipatazo 3,000 unasimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mshairi aliutunga katika miaka ya 1940. Hata hivyo ulitolewa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1967, yaani miaka mitano baada ya yeye kufariki. Anayeona neno "uhuru" pamoja na mwaka 1967 anaweza kudhani kwamba kitabu kinahusu uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, akakiweka kwenye rafu isiyo yake. Jina kamili la kitabu lina maneno "1939 hata 1945", na maneno hayo yakiachwa ili kufupisha, msomaji hupoteza kidokezo muhimu kuliko vyote.

Kufikirika nacho kiliandikwa katika miaka ya 1940 na kuchapishwa mwaka 1967. Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Mtu akifuata miaka ya uchapishaji peke yake atasema Kusadikika kilitangulia kwa miaka 16, na hoja yake juu ya kukua kwa fikra za mwandishi itakuwa imejengwa juu ya msingi mbovu. Kwa sababu hiyo orodha nzuri hutaja mwaka wa toleo mahali pake, kisha huongeza maelezo mafupi kuhusu wakati wa kutungwa pale unapojulikana. Barua za mwandishi kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi chini ya jina Barua za Shaaban Robert 1931–1958, ni msaada mkubwa katika jambo hilo.

Wachapishaji waliotawanyika

Vitabu hivi havikutoka mahali pamoja. Pambo la Lugha kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika mfululizo uleule uliotoa Diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940. Maisha Yangu kilitolewa na Nelson mwaka 1949, na Adili na Nduguze na Macmillan mwaka 1952. Wasifu wa Siti binti Saad ulitokea mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Nyongeza ya namna hiyo ikijalidiwa pamoja na jarida bila kuandikiwa kadi yake, haionekani tena chini ya jina la mwandishi.

Hatari kama hiyo ipo kwa tungo zilizomo ndani ya vitabu vingine. Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili vimo katika Maisha Yangu, kitabu ambacho wakutubi hukiweka kwenye wasifu. Anayetafuta ushairi hafiki huko mpaka orodha itaje yaliyomo.

Omar Khayyam kwa Kiswahili huhitaji majina matatu: mshairi wa Kiajemi, Shaaban Robert, na Edward FitzGerald, ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka London mwaka 1859 bila kutaja jina lake.

Jina la mwandishi

Orodha nyingi za nje humwandika "Robert, Shaaban", kana kwamba Robert ni jina la ukoo. Robert lilikuwa jina la baba yake, na wasomaji wa Kiswahili humtafuta kwenye herufi S. Majina yote mawili yaingizwe, moja likielekeza kwa jingine.

Kutambua toleo

Nakala ya zamani inayofikishwa kwenye maktaba mjini Songea, tuseme kutoka kabati la mwalimu mstaafu, huenda haina jalada wala kurasa za mwanzo. Bado ina ushahidi. Ikitaja nchi kwa jina la Tanzania, haikuchapwa kabla ya mwisho wa 1964. Ikiwa na namba ya ISBN, si toleo la kwanza la 1951, kwani namba hizo zilianza kuenea duniani karibu na mwaka 1970. Pia mpiga chapa asichanganywe na mchapishaji. Kiwanda cha uchapaji cha Peramiho, karibu na Songea, kimepiga chapa vitabu vya wachapishaji wengine pia, kwa hiyo jina la Peramiho mwishoni mwa kitabu halitoshi kuonyesha nani alikitoa.

Karatasi nayo husema. Mwaka 1934 John Carter na Graham Pollard walionyesha kwamba kijitabu cha mashairi ya Elizabeth Barrett Browning, kilichodai kuchapwa Reading mwaka 1847, kilikuwa bandia, kwa sababu karatasi yake haikuwa ikitengenezwa wakati huo. Kwa vitabu vya Kiswahili udanganyifu wa aina hiyo si tishio kubwa. Kinachotokea mara nyingi ni chapa ya baadaye kuandikwa kuwa toleo la kwanza, au nakala chakavu ya toleo la kwanza kutupwa kwa kuwa maktaba ina chapa mpya yenye jina lilelile.