Yai Bora Halipimwi kwa Rangi ya Kiini

Mnunuzi akivunja yai na kukuta kiini kilichopauka, hulalamika kwamba ameuziwa yai la kisasa lisilo na lishe. Akikuta cha njano iliyokolea, yuko radhi kulipa zaidi. Ana sababu, ila anatazama mahali pasipostahili. Unjano wa kiini hutokana na rangi za mimea ambazo kuku hawezi kuzitengeneza mwilini. Huzipata kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Mahindi yanayolimwa zaidi Tanzania na Kenya ni meupe, kwa hiyo kuku wa banda anayelishwa mahindi hayo, pumba na mashudu ya alizeti hutaga yai lenye kiini cheupe hata kama chakula chake kina vitamini zote. Tena ziko rangi za viwandani zinazochanganywa kwenye chakula ili kiini kikolee tu.

Lishe ya kuku hubadilisha mambo fulani na kuacha mengine. Protini, gramu 6 hivi kwa yai, haibadiliki sana: kuku akipunjwa hupunguza kutaga, au hutaga vijiyai vidogo. Kolesteroli nayo haitikisiki kirahisi. Kinachobadilika kulingana na chakula ni aina ya mafuta pamoja na vitamini A, D, E na B12, madini ya iodini na seleniamu. Dagaa au mbegu za kitani huongeza mafuta ya omega-3 kwenye kiini, ingawa dagaa wakizidi yai hunuka shombo, na hakuna mteja atakayelirudia. Ganda peke yake hubeba kama gramu 2 za kalisi. Asipopewa chokaa ya mifugo au makombe yaliyosagwa, kuku huichota kwenye mifupa yake.

Kwa maoni yangu, yanayopuuzwa zaidi ni yale yasiyopaswa kuingia kwenye kihori. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengi huona yanafaa kutupiwa kuku, huumiza ini lake, na sehemu ndogo ya sumu hiyo yaweza kufika kwenye yai. Mabaki ya antibayotiki hupita njia hiyohiyo mfugaji asipongoja siku zilizoandikwa kwenye dawa.

Watetezi wa kuku wa kienyeji watasema kuku anayejitafutia hula majani na wadudu, na hilo ni kweli, msimu wa mvua. Kiangazi huambulia kidogo, na jalalani mjini hudonoa chochote. Mfugaji naye atasema dagaa ni ghali. Basi aanze na mahindi yaliyokaushwa vizuri, mchicha, na majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini. Majani ya mti wa lusina pia yanafaa, lakini yawe kidogo, kwa kuwa yana sumu iitwayo mimosini, na kuku akiyala kwa wingi hupunguza kutaga.