Waliompamba Mobutu ndio waliowapigia debe wagombea wa Marekani

Juni 1989 Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire alipokelewa Ikulu ya Marekani na Rais George Bush, baba yake yule Bush aliyeingia madarakani mwaka 2001. Alikuwa mkuu wa nchi wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufika hapo tangu Bush aapishwe Januari mwaka huo. Msomaji aliyeishi Bukavu, Kalemie au Uvira wakati ule hahitaji kukumbushwa hali ya nyumbani. Mshahara wa mwalimu haukufika katikati ya mwezi, na mgonjwa alikwenda hospitali amebeba pamba na sindano yake mwenyewe.

Mwaka huohuo Mobutu aliingia mkataba wa dola milioni 1 kwa mwaka na kampuni moja ya Marekani iitwayo Black, Manafort, Stone & Kelly. Kazi yake ilikuwa kumsafishia jina mbele ya wabunge, maofisa na waandishi wa habari wa Washington. Hatuna haja ya kuuliza fedha zilitoka wapi. Kila aliyeishi Zaire anajua kwamba mfuko wa Mobutu na hazina ya taifa vilikuwa kitu kimoja.

Jambo la kushangaza zaidi ni nani waliopokea fedha hizo. Hawakuwa mawakili wa kawaida wala watu wa matangazo. Walikuwa wanasiasa wa kampeni, watu wanaomwambia mgombea aseme nini, avae nini, asafiri wapi na amshambulie nani. Charles Black, Paul Manafort na Roger Stone walifungua ofisi yao mwaka 1980, mwaka ambao Ronald Reagan alichaguliwa, na wote watatu walikuwa watu wa kambi yake. Baadaye alijiunga nao Peter Kelly, ambaye alikuwa amesimamia fedha za chama cha upinzani, Democratic. Hivyo akishinda huyu au akishinda yule, kampuni ilikuwa na mtu wa kupiga simu.

Wafanyabiashara wa mpakani wataielewa kazi hii haraka kuliko wasomi. Pale Rusumo, Gatumba au Kabanga kuna mawakala wa forodha. Unampa karatasi zako, anakutangulia dirishani, anajua ofisa gani ana haraka na ofisa gani ana njaa. Huyo ni wakala wa halali na bila yeye mzigo unalala. Lakini tuseme wakala huyo ndiye pia aliyemtafutia kazi mkuu wa forodha, na mwaka ujao ndiye atakayemsaidia kupanda cheo. Hapo si wakala tena, na ushuru utakaolipa wewe usiyemjua hautakuwa sawa na wa mteja wake. Washington mtu wa namna hiyo ana ofisi yenye kibao mlangoni na kazi yake inaruhusiwa na sheria.

Kabla ya Mobutu, mwaka 1985, kampuni hiyo ilikuwa imempata Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA nchini Angola, kwa mkataba wa dola 600,000. Mtu aliyeongoza vita vya msituni alipelekwa Washington akiwa amevaa suti nzuri, na Januari 1986 alikutana na Reagan Ikulu. Silaha za Marekani kwa ajili ya vita vyake zilipitia Zaire, katika kambi ya Kamina huko Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba. Vita vya Angola viliendelea hadi Savimbi alipouawa Februari 2002. Sisemi kwamba washauri hao ndio walioleta vita, kwa maana vita vya Angola vilikuwa na baba wengi. Nasema kwamba walilipwa ili mmoja wa wapiganaji aonekane mwema, na siku za uchaguzi watu haohao walikuwa wakiwaambia Wamarekani nani ni kiongozi mwema.

Miongoni mwa wateja alikuwamo pia Ferdinand Marcos wa Ufilipino, aliyeanguka mwanzoni mwa 1986. Serikali ya Kenya chini ya Rais Daniel arap Moi nayo ilikuwa kwenye orodha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wafadhili walipokuwa wakiibana kuhusu mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1992 taasisi ya uchunguzi ya Center for Public Integrity ilichapisha ripoti kuhusu kampuni zinazopokea fedha za serikali zinazotesa watu wake. Kampuni hii ilitajwa humo. Ripoti ilisomwa, ikajadiliwa, ikawekwa kabatini.

Ukifuatilia habari hizi kwa miaka yote hiyo utaona kwamba mshauri wa mgombea haondoki kwa sababu ya kazi aliyoifanya. Anaondoka siku kazi hiyo inapogeuka kuwa habari mbaya kwa mgombea wake. Mwaka ulioonyesha jambo hilo wazi kuliko mingine ni 2008, ambapo Seneta John McCain wa Republican alipambana na Barack Obama.

McCain alijijengea jina kwa kupiga vita ushawishi wa fedha katika siasa. Lakini kampeni yake ilijaa watu wa biashara hiyohiyo. Mapema Mei 2008 kimbunga Nargis kiliipiga Myanmar, wakafa makumi ya maelfu ya watu, na utawala wa kijeshi wa nchi hiyo ukawa unazuia misaada kutoka nje. Dunia nzima ilikasirika. Katikati ya hasira hiyo waandishi walikumbusha kwamba Doug Goodyear, aliyeteuliwa kuandaa mkutano mkuu wa kumpitisha McCain, alikuwa mkuu wa kampuni iliyowahi kulipwa na majenerali hao mwaka 2002 ili kuwapaka mafuta. Goodyear akajiuzulu siku hiyohiyo, na mwenzake mmoja wa kampuni ileile akamfuata. Angalia tarehe hizo. Mkataba ulikuwa na umri wa miaka sita na karatasi zake zilikuwa wazi muda wote. Ni kimbunga kilichomwondoa.

Kampeni ikatangaza masharti mapya tarehe 15 Mei: hakuna mfanyakazi wa kudumu atakayekuwa wakati huohuo mshawishi wa kulipwa au wakala wa serikali ya kigeni. Siku chache baadaye akaondoka Tom Loeffler, mmoja wa wasimamizi wakuu wa michango, ambaye kampuni yake ilikuwa imefanya kazi kwa Saudi Arabia. Lakini masharti hayo yalikuwa na mlango wa nyuma. Yaliuliza unafanya nini leo, hayakuuliza ulifanya nini jana. Charles Black, yule wa Mobutu na Savimbi, alikuwa ameacha kampuni yake Machi mwaka huo, kwa hiyo akabaki kuwa mshauri mkuu. Wapinzani walitoa tangazo la televisheni wakitaka afukuzwe kwa ajili ya madikteta aliowatumikia, lakini hakufukuzwa. Alikuja kuomba radhi mwezi Juni kwa jambo jingine kabisa: alimwambia mwandishi kwamba shambulio la kigaidi ndani ya Marekani lingemsaidia sana McCain kushinda.

Mwingine aliyebaki ni Randy Scheunemann, mshauri wa mambo ya nje. Kampuni yake ndogo ilikuwa ikilipwa na serikali ya Georgia, na Aprili 2008 ilitia saini mkataba mpya wa dola 200,000 wakati yeye tayari alikuwa kwenye kampeni. Agosti ikazuka vita kati ya Georgia na Urusi, na McCain akawa wa kwanza kuitetea Georgia kwa maneno makali. Huenda McCain aliamini hivyo kwa moyo wake wote, maana msimamo wake juu ya Urusi ulijulikana tangu zamani. Tatizo ni kwamba mpiga kura hakuwa na njia ya kutenganisha imani ya mgombea na mteja wa mshauri wake, na hiyo ndiyo hasara ya mgongano wa maslahi hata pale ambapo hakuna aliyehongwa.

Asidhani msomaji kwamba upande wa pili walikuwa malaika. Hillary Clinton, aliyekuwa akishindana na Obama ndani ya chama, aliwaambia wafanyakazi kwamba anapinga mkataba wa biashara huria na Colombia. Wakati huo mpanga mikakati wake mkuu, Mark Penn, ambaye pia aliongoza kampuni kubwa ya mahusiano ya umma ya Burson-Marsteller, alikutana na balozi wa Colombia kuzungumzia jinsi ya kuupitisha mkataba huohuo. Habari zilipovuja Penn alisema mkutano ule ulikuwa kosa. Serikali ya Colombia ikaona imedharauliwa, ikavunja mkataba wake na kampuni. Kesho yake, tarehe 6 Aprili, Penn akaachia cheo chake katika kampeni. Yaani mteja wa nje alimtimua kabla mgombea hajaamua.

Kuna jambo dogo hapa ambalo halikupigiwa kelele. Kampuni aliyoitoka Black ilikuwa tawi la hiyohiyo Burson-Marsteller. Kwa hiyo hadi Machi 2008 mshauri wa McCain na mshauri wa Clinton walikuwa chini ya paa moja la biashara, huku wafuasi wao wakitukanana mitaani.

Obama naye alijitangaza kuwa hachukui michango ya washawishi wa serikali kuu. Lakini Juni 2008 Jim Johnson, aliyemkabidhi kazi ya kumchunguza mgombea mwenza, alilazimika kujitoa baada ya kuandikwa kwamba alipata mikopo ya nyumba kwa masharti nafuu kutoka kampuni ya Countrywide, iliyokuwa imezama katika balaa la mikopo mibaya. Mtu aliyepewa kazi ya kukagua wengine hakuwa amekaguliwa mwenyewe.

Miaka minane baadaye zamu ikawa ya Paul Manafort. Baada ya Mobutu na wengine alihamia Ukraine, akamsaidia Viktor Yanukovych kushinda urais mwaka 2010. Yanukovych akakimbilia Urusi mwaka 2014 baada ya maandamano. Machi 2016 Manafort alijiunga na kampeni ya Donald Trump, kisha akawa mwenyekiti wake. Agosti mwaka huo gazeti la New York Times lilieleza kwamba katika daftari la siri la chama cha Yanukovych jina lake liliandikiwa malipo ya dola milioni 12.7. Alikana kupokea fedha hizo taslimu, lakini tarehe 19 Agosti akajiuzulu. Zamani mambo yangeishia hapo. Safari hii yaliendelea hadi mahakamani. Agosti 2018 alipatikana na hatia katika mashtaka manane ya kukwepa kodi, kuficha akaunti za nje na ulaghai wa benki. Mwezi uliofuata alikiri makosa mengine, likiwamo la kumtumikia mteja wa kigeni bila kujiandikisha. Alihukumiwa jumla ya kama miaka saba na nusu. Tarehe 23 Desemba 2020 Rais Trump alimsamehe, na siku hiyohiyo akamsamehe mshirika wake wa zamani, Stone, aliyetiwa hatiani mwaka 2019 kwa kulidanganya Bunge.

Sheria aliyoivunja Manafort ni ya mwaka 1938. Ilitungwa ili Wamarekani wajue nani anawasemea Wanazi wa Ujerumani kwa malipo. Haimkatazi mtu kumtumikia Mobutu wala mfalme yeyote. Inamtaka tu ajiandikishe, aeleze mteja ni nani na kalipa kiasi gani, na daftari hilo liko wazi kwa yeyote. Wapo wanaoicheka kwamba ni sheria isiyo na meno. Mimi siicheki. Bila daftari hilo wapinzani wa Black wasingekuwa na orodha ya wateja wake ya kuweka kwenye televisheni, nasi tungebaki na uvumi.

Huku kwetu wagombea pia wana washauri wa kulipwa, na wengi wao hatuwajui. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilimrekodi kwa siri mkuu mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica akijisifu kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za mwaka 2013 na 2017, ikiwa ni pamoja na kuandika ilani na kubadilisha sura ya chama mara mbili. Chama cha Jubilee kilisema kazi ya kampuni hiyo ilikuwa ndogo tu. Ni kampuni ileile iliyomfanyia kazi Trump mwaka 2016, nayo ilifungwa Mei 2018. Mkenya aliyepiga foleni tangu alfajiri mwaka 2017 alijua majina ya wagombea wote, hata wale wadogo. Aliyeandika maneno ya mgombea wake alikuja kumsikia mwaka uliofuata, kutoka London.

Desemba 2016, muda wa Rais Joseph Kabila ulipokuwa unamalizika bila uchaguzi kufanyika, serikali ya Kinshasa ilitia saini mkataba wa zaidi ya dola milioni 5 na kampuni ya Mer ya Israel ili imtafutie marafiki katika serikali mpya ya Trump. Miongoni mwa waliochukuliwa kufanya kazi hiyo alikuwamo mtu aliyetoka katika kampeni ya Trump. Hayo yanajulikana kwa sababu karatasi zake zilipelekwa kwenye daftari lile la Washington. Mkongomani wa Uvira au wa kambi ya Nyarugusu anayetaka kujua fedha za nchi yake zilitumikaje mwaka huo anaweza kuzisoma huko, kwa Kiingereza.