Muhogo: Wanga na Sumu Ndani ya Seli Moja

Kabohaidreti ni jina la jumla la sukari, wanga na nyuzinyuzi za mimea, na kemia yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa chakula chochote kitokacho shambani; lakini katika nchi za Maziwa Makuu na mwambao wa Afrika Mashariki ni vigumu kupata mfano uliokamilika kuliko muhogo. Ukiondoa maji, sehemu kubwa ya mzizi wake ni wanga, majani yake hutwangwa yakawa kisamvu, na ndani ya seli zake, karibu kabisa na mahali wanga unapohifadhiwa, kuna sukari iliyofungamana na sumu ya sianidi. Anayeelewa namna seli ya muhogo inavyovitenga vitu hivyo, na namna kinu, maji na jua vinavyovuruga mpangilio huo, atakuwa amegusa sehemu kubwa ya misingi ya baiokemia, yaani sayansi inayochunguza kemikali za viumbe hai.

Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kiumbe inayohesabika kuwa hai. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha michoro ya vijumba vitupu alivyoviona kwa hadubini katika kipande chembamba cha gome la mti, akaviita seli, ingawa alichokiona kilikuwa kuta tu za seli zilizokwisha kufa. Ikapita zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 kwa upande wa mimea na Theodor Schwann mwaka 1839 kwa upande wa wanyama, kueleza kwamba viumbe hivyo vyote vimejengwa kwa seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini, ambao huamua kipi kiingie na kipi kitoke. Seli ya mmea ina nyongeza mbili: nje ya utando ina ukuta mgumu, na ndani ina mfuko wa majimaji uitwao vakuoli, ambao katika seli iliyokomaa mara nyingi huchukua nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Ukuta na vakuoli vyote viwili vitahitajika mbele, pale sumu itakapoelezwa.

Kazi huanzia kwenye jani. Humo, katika vijisehemu vya kijani viitwavyo kloroplasti, mmea hutumia mwanga wa jua kuunganisha maji yaliyopanda kutoka ardhini na hewa ya kaboni dioksidi, na zao lake ni sukari, huku oksijeni ikitolewa hewani. Shughuli hiyo ndiyo usanisinuru. Sukari ya msingi katika habari hii yote ni glukosi, ambayo molekuli yake moja ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Namna atomu hizo zilivyojipanga ilifafanuliwa na mkemia Mjerumani Emil Fischer mwishoni mwa karne ya 19, na uchunguzi wake wa sukari ulikuwa miongoni mwa kazi zilizompatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902. Kutoka kwenye jani, glukosi haisafiri peke yake bali huunganishwa na sukari nyingine iitwayo fruktosi, zikawa sukrosi, ambayo ndiyo ile ile sukari ya kutiwa kwenye chai, na katika hali hiyo hushuka kupitia shina hadi mizizini.

Huko mizizini mmea unakabiliwa na tatizo la kuhifadhi. Glukosi huyeyuka katika maji, na seli iliyojaa sukari iliyoyeyuka huvuta maji mengi kutoka nje hadi kuelemewa na shinikizo. Kwa hiyo seli ya mzizi huziunga glukosi moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi, mamia kwa maelfu, na kupata wanga, kitu kisichoyeyuka katika maji baridi na kinachoweza kurundikwa kwa wingi bila kuisumbua seli. Wanga huo una nyuzi za aina mbili, amilosi ambayo karibu haina matawi, na amilopektini yenye matawi mengi, na zote mbili hufungashwa pamoja katika punje ndogo zinazoonekana kwa hadubini. Muhogo mbichi ukikatwa, majimaji meupe yanayobaki kwenye kisu yana punje hizo, zilizomwagika kutoka katika seli zilizopasuliwa na makali yake.

Ukuta wa seli nao umejengwa kwa glukosi. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana pengine hakuna mahali pengine ambapo kemia inaonyesha wazi kiasi hiki kwamba umbo lina uzito sawa na malighafi. Katika wanga, kiungo kati ya glukosi moja na inayofuata kimeelekea upande mmoja, ule unaoitwa alfa, na uzi mzima hujipinda. Katika selulosi, ambayo ndiyo malighafi kuu ya ukuta wa seli za mimea, kiungo kimeelekea upande wa pili, uitwao beta, na nyuzi hunyooka, zikalala bega kwa bega na kushikamana kwa nguvu kiasi cha kuweza kubeba mti mzima. Mate na utumbo wa binadamu vina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, vyenye uwezo wa kukata kiungo cha alfa, lakini hakuna hata kimoja chenye uwezo wa kukata kiungo cha beta cha selulosi. Kwa sababu hiyo muhogo uliochemshwa unalika, na uzi mgumu unaopita katikati yake, uliojengwa kwa selulosi na kiimarishaji kiitwacho lignini, hutolewa na kuwekwa pembeni mwa sahani. Ng'ombe humudu majani makavu kwa sababu tu tumboni mwake wanaishi vijidudu vyenye vimeng'enya ambavyo yeye mwenyewe hana.

Moto wa jikoni una sehemu yake katika kemia hii. Mpishi wa ugali wa muhogo anapomimina unga kwenye maji yanayochemka na kuanza kusonga, punje za wanga hufyonza maji, huvimba na kupasuka, nyuzi zake zikatawanyika na kushikana upya pamoja na maji. Unga uliokuwa mweupe na mkavu hupata mng'ao, hunata, na mwiko huwa mzito ghafla. Nyuzi zilizofunguka hivyo hukatwa kwa urahisi zaidi na amilesi, kimeng'enya kilichomo katika mate na katika majimaji ya kongosho, kisha na vimeng'enya vya utumbo mwembamba, hadi kufikia glukosi moja moja ambazo hupenya kuta za utumbo mwembamba na kuingia katika damu. Hapo insulini, homoni ya kongosho, huziagiza seli za misuli na za mafuta zifungue njia ya kuipokea glukosi, na kulihimiza ini liunge akiba ya glaikojeni, ambayo ni wanga wa wanyama wenye viungo vya alfa na matawi mengi zaidi ya yale ya mimea.

Ndani ya seli, glukosi hupasuliwa kwanza katika saitoplazimu, yaani ujiuji ulioizunguka kokwa ya seli, bila kuhitaji oksijeni, na faida inayopatikana ni ndogo: molekuli 2 tu za ATP, kemikali ambayo seli zote huitumia kulipia kazi zake, kuanzia kukaza msuli hadi kupeleka taarifa katika mishipa ya fahamu. Vipande vinavyobaki huingia katika mitokondria, vijisehemu vidogo ambamo elektroni zao hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka zinapokabidhiwa oksijeni inayoletwa na pumzi, na kwa safari hiyo mapato hupanda hadi kufikia takriban ATP 30 kwa kila glukosi. Protini ya mwisho katika mlolongo huo, ile inayoikabidhi oksijeni elektroni, ndiyo inayoshambuliwa na sianidi. Sumu hiyo huinata na kuizuia isifanye kazi, na seli hufa kwa kukosa nguvu ilhali damu inayoizunguka imejaa sukari na oksijeni.

Sianidi ya muhogo imefichwa katika kemikali iitwayo linamarini, ambayo ni glukosi iliyofungwa pamoja na kipande chenye sianidi. Ikiwa imefungwa hivyo hukaa kimya ndani ya vakuoli, nacho kimeng'enya chenye uwezo wa kuifungua, linamarasi, kimewekwa nje, katika ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, viwili hivyo havikutani. Mnyama anapotafuna mzizi au jani, seli hupasuka, linamarini humwagikia kwenye linamarasi, glukosi hukatwa, na kipande kilichobaki huachia gesi ya sianidi mdomoni mwa mlaji. Ndiyo silaha ya mmea usioweza kukimbia. Muhogo mtamu una kiasi kidogo cha linamarini, muhogo mchungu una kiasi kikubwa, na ukame huongeza kiasi hicho katika aina zote mbili. Hata hivyo wakulima wengi huendelea kuupanda muhogo mchungu, kwa kuwa nguruwe pori, nyani na wezi hawauchangamkii.

Utaalamu wa kuutayarisha muhogo mchungu ni baiokemia ya hali ya juu, na haustahili kuitwa kwa jina jingine lolote la kuushusha. Kutwanga kisamvu kwenye kinu ni kuvunja kuta za seli ili linamarasi, ambayo majani yanayo kwa wingi, iifikie linamarini kabla chungu hakijatengwa jikoni. Kulowesha mizizi kwa siku kadhaa, au kuivundika mpaka ilainike, ni kuwaachia vijidudu kazi ya kuzilegeza kuta hizo, na kuianika baadaye ni kuipa gesi nafasi ya kutoka, nayo hutoka kwa urahisi kwa sababu sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi. Mizizi iliyomenywa na kuanikwa moja kwa moja kuwa makopa hubakiza sumu nyingi zaidi, kwa kuwa seli zake nyingi hukauka kabla ya kupasuka. Kuchemsha mzizi mzima kunasaidia kidogo kuliko wengi wanavyodhani: joto huiharibu linamarasi mapema, ilhali linamarini yenyewe hulistahimili.

Hatua hizo zinapofupishwa kwa sababu ya njaa, matokeo yake ni ya kusikitisha sana. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alichapisha maelezo ya ugonjwa wa Kwango, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona, na unaojulikana hadi leo kwa jina la konzo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na mwaka 1985 ukaonekana Tarime, kaskazini mwa Tanzania. Waathirika wengi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na nyumba zao ni zile zinazokula muhogo mchungu asubuhi na jioni bila kitoweo. Kitoweo kina uzito hapa, kwa sababu mwili una kimeng'enya kinachoigeuza sianidi kuwa kemikali isiyo kali na kuitoa kwa mkojo, lakini kazi hiyo inahitaji salfa inayopatikana katika protini za samaki, mayai, nyama na, kwa kiasi kidogo zaidi, kunde, na mzizi wa muhogo wenyewe una protini haba mno.

Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo, na katika miaka ya ukame unga wa vijiji vingi umepatikana ukiwa juu yake kwa mbali. Mkemia wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia isiyohitaji chombo chochote kipya: unga hulowanishwa kwa maji ya kuutosha, hutandazwa mkekani kwa unene usiozidi sentimita moja, kisha huachwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5. Linamarasi iliyosalia katika unga mkavu, ikipata maji, huanza kazi tena, huikata linamarini iliyobaki, na gesi huondoka kwenye tabaka hilo jembamba kabla ya chakula cha jioni. Katika eneo la Popokabaka, ndani ya Kwango ile ile ya Trolli, wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge walifundishwa njia hiyo, wakaitumia kila siku, na katika muda wa mradi huo hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyeonekana kijijini kwao.