Gari lilikuja na tairi za theluji, sisi hatukujua

Mvua ya Aprili haina adabu. Ilitupata Waiyaki Way tukiteremka kutoka Kangemi kuelekea Westlands, mimi na kaka yangu, ndani ya Premio aliyokuwa ameitoa yadi wiki tatu tu. Matatu ikasimama mbele yetu ghafla, bila indiketa, bila huruma, kawaida yao. Kaka akakanyaga breki. Gari likasita, halafu likaendelea. Si kwa kasi, lakini likaendelea, mkia ukivutwa kushoto polepole kama mtu anayetembea juu ya sabuni. Tuliposimama, kati ya boneti yetu na ngazi ya matatu palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Kondakta akatuangalia, akacheka.

"Ni breki," kaka akasema. Kesho yake fundi wa mtaani akabadilisha breki pedi, mbele na nyuma, tukalipa. Mvua ikanyesha tena, gari likateleza tena. Na hilo gari ni la mkopo. Ndilo analobebea abiria wa teksi za mtandaoni, kwa hivyo unaelewa kwa nini usingizi uliadimika kwetu.

Jibu tulipewa na mzee mmoja wa pancha Kirinyaga Road, na hata hatukuwa tumemuuliza. Alikuwa akituongezea upepo tu. Akapitisha kidole kwenye ubavu wa tairi, akainua macho.

"Kijana, hii ni tairi ya barafu. Mnaenda nayo wapi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Hapo ubavuni kulikuwa na mchoro mdogo: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Wiki tatu tumeosha hilo gari kila asubuhi na hatukuwahi kuuona.

Sasa, tairi ya theluji inatafuta nini kwa Premio ya Nairobi? Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na Japani si Tokyo pekee. Kuna Hokkaido huko kaskazini, ambako theluji hujaa barabarani miezi kadhaa kila mwaka. Zamani madereva wa huko walitumia tairi zenye misumari ya chuma. Ile misumari ilikuwa ikisaga lami hadi hewa ya mijini inajaa vumbi, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuizuia. Nafasi yake ikachukuliwa na tairi zisizo na misumari, za mpira laini wenye mikato mingi myembamba kama iliyochorwa kwa wembe. Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak yao tangu 1988, ambayo mpira wake una vitundu vidogo sana vya kunyonya ule utando wa maji unaokaa juu ya barafu. Ukienda Hokkaido Januari, hiyo ndiyo tairi inayokurudisha nyumbani.

Shida ni kwamba ulaini huo umetengenezewa baridi. Watengenezaji wengi hutaja nyuzijoto 7: chini ya hapo tairi ya kawaida huanza kukakamaa na ya theluji hubaki laini. Nairobi, hata ile Julai ya kutoka na jaketi mbili, ni nadra kufika huko. Theluji yetu iko kileleni Mlima Kenya, na sijaona mtu akipanda huko na Premio. Kwa lami yenye joto, ule mpira laini unalegea, meno yanapinda unapokata kona, tairi inaisha haraka, na kwa maji ya mvua gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Ile nafasi ndiyo tulikosa nyuma ya matatu.

Na kuna kitu kingine ambacho mzee wa pancha alituonyesha, na hiki ndicho kiliniuma. Katikati ya meno ya tairi hizi kuna vijukwaa vidogo vya mpira. Meno yakiisha hadi nusu, vijukwaa vinatokea juu, na Mjapani anajua tairi haifai tena kwa theluji. Lakini nusu yake bado ni milimita nne au tano. Kwetu, mtu akiingiza kidole gumba na kuona kina hicho, anasema "hii ni mpya kabisa" na anatoa pesa. Kwa hivyo kitu ambacho kule kimeshafika mwisho, huku kinapangwa kando ya barabara, kinapakwa rangi nyeusi ya kung'aa na kuitwa "ex-Japan". Kuuza mtumba si kosa, nguo zangu zote ni za Gikomba. Lakini shati halina breki.

Ukitaka kujua unachonunua, inama usome ubavu. Zetu ziliandikwa 195/65R15 91Q. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni inchi za rimu, na 91 maana yake kila tairi inabeba kilo 615. Herufi ya mwisho ndiyo ilistahili kutushtua. Q ni kikomo cha kilomita 160 kwa saa, na hukutana nayo sana kwenye tairi za theluji za Japani. Za kawaida za saizi hiyo mara nyingi ni H au V. Tafuta pia ule mlima. Yale maandishi M+S peke yake yasikutishe, hata tairi nyingi za magari makubwa ya kawaida huwa nayo. Halafu tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo.

Nilipomsimulia binamu yangu aliye Montreal, alicheka hadi simu ikakatika. Yeye alikuwa na kilio cha upande wa pili: kule Quebec sheria inataka kila gari liwe na tairi za theluji kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na ilibidi anunue seti nzima pamoja na rimu zake. Rimu alizochukua ni za chuma tupu, mbaya kama sufuria, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula zile za kung'aa. Tena alishuka kutoka inchi 16 hadi 15, ili tairi iwe nyembamba na ikate theluji hadi chini.

Sisi vijana wa Nairobi hufanya kinyume. Pesa ikipatikana, ya kwanza ni rimu za inchi 17. Sikatazi, zinapendeza. Lakini piga hesabu: kutoka 195/65R15 hadi 205/50R17, gurudumu zima linabaki karibu ukubwa ule ule, ila ubavu wa mpira unapungua kwa sentimita 2 na nusu hivi. Hizo sentimita ndizo zilikuwa zinakukinga na mashimo ya mtaani kwenu. Na usiamini muuzaji akisema "five-hole ni five-hole". Premio na Impreza zote zina nati tano kwenye duara la milimita 100, lakini tundu la katikati la Toyota ni 54.1 na la Subaru ni 56.1. Rimu ya Premio haiingii kwa Subaru. Ya Subaru inaingia kwa Premio lakini inacheza, na bila ile pete ya kuziba pengo, usukani utatetemeka ukishika Thika Road.

Kaka alinunua tairi nne mpya za kawaida, akabaki na rimu zake za inchi 15. Kwa ajili yake alikosa malipo ya mkopo mwezi huo, na tulisikia simu za mkopeshaji wote nyumbani.

Wakati wa kuondoka, jamaa wa kibanda jirani akatuita. Alikuwa anataka zile kuukuu, 1,500 kila moja. "Meno bado iko," akasema. Elfu sita. Kaka akasimama pale akiangalia simu yake, halafu akiangalia tairi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mwishowe akamwomba mzee wa pancha kisu, akachana mbavu moja baada ya nyingine, zote nne. Jamaa akatuita wazimu.

Tulizipeleka ushago kwa buti. Mama amezijaza mchanga na mbolea, na sukuma wiki imeshika vizuri.