Karabai Imezimika, na Hesabu Je?



Nendeni jioni moja ufukweni, iwe Bugarama, Minago au Rumonge, mkamwombe kijana wa miaka 20 awashe karabai. Ataigeuza huku na huku, atatafuta pa kubonyeza, kisha atacheka. Si kosa lake. Tangu aanze kwenda ziwani ameona taa za sola. Lakini ujuzi huo unaopotea ulikuwa kazi ya mtu, na gharama ya taa ilikuwa na mahali pake katika hesabu ya samaki. Ndiyo sababu jambo hili linatuhusu sisi wa chama, wala si mazungumzo ya wazee peke yao.

Kazi ya mshika taa

Karabai haikuwashwa kwa kiberiti tu. Kwanza mshika taa alijaza mafuta ya taa katika tangi lililo chini, bila kulijaza hadi juu, kwa maana hewa nayo ilihitaji nafasi. Alifunga kifuko cha nyuzi mahali pake. Alitia spiriti katika kikombe kidogo, akaiwasha, akangoja mrija upate moto. Mrija ukiwa bado baridi, mafuta hutoka yakiwa maji na taa hushika moto wote. Ukiwa umekwisha kupata moto, mafuta hugeuka mvuke, hupita katika tundu dogo, huchanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kifuko. Hapo ndipo alipopiga pampu, polepole, huku akisikiliza.

Nasema akisikiliza, kwa kuwa karabai huvuma. Uvumi ukipungua, presha imeshuka. Uvumi ukikatika-katika, tundu limeziba na lataka sindano. Kifuko kikishawaka mara moja hubaki majivu matupu, na pigo dogo la wimbi hukivunja. Maji baridi yakirukia kioo cha moto, kioo hupasuka. Mimi mwenyewe nilianza ziwani kwa kazi hiyo. Usiku wa kwanza nilivunja vifuko viwili, na nahodha hakusema neno hadi asubuhi. Asubuhi alisema mengi.

Taa zilizopita

Karabai nayo iliondoa ujuzi mwingine. Babu zetu walivua ndagala kwa moto wa kuni uliowaka juu ya mtumbwi, wakiwachota kwa lusenga, yaani wavu wa duara wenye mpini mrefu. Kulikuwa na watu waliojua ni kuni zipi hutoa mwanga mwingi, na namna ya kuutunza moto bila kuunguza chombo. Halafu ikaja taa ya presha. Petromax, jina lililojulikana duniani kote, lilitoka Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianza upande wetu uvuvi wa kufunga mitumbwi sambamba kwa miti, na kushusha wavu mpana kati yake. Taa huning'inizwa juu ya maji, samaki hukusanyika, wavu hupandishwa. Uvuvi huo ulihitaji taa nyingi, na taa nyingi zilihitaji mtu wa kuziangalia.

Taa za siku hizi zina asili yake pia. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walifaulu kutengeneza vijitaa vya mwanga wa buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa mwanga huo iliwezekana kupata mwanga mweupe unaotumia umeme kidogo sana. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kwa njia hiyo betri inayochajiwa kwa jua mchana ikaweza kumulika usiku kucha.

Tusiililie karabai

Ndugu zangu, sitaki mtu aseme kwamba chama kinataka turudi nyuma. Karabai iliunguza mikono ya watu. Mafuta yalimwagika mtumbwini na ziwani, na moshi uliingia machoni na kifuani. Mwenye kupenda karabai kuliko taa ya sola labda hakuwahi kulala karibu nayo. Chombo kibaya kikiondoka, na kiondoke.

Lakini chombo kikibadilika, hapana budi hesabu nayo ibadilike.

Hesabu yenyewe

Desturi yetu inajulikana. Samaki wakishauzwa, gharama za usiku hutolewa kwanza, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Samaki wameuzwa franka 600,000. Mafuta ya taa ni 100,000. Zinabaki 500,000. Mwenye chombo anapata 250,000, na wavuvi watano wanagawana 250,000, kila mmoja 50,000.

Sasa karabai zimeondoka. Tuseme betri, taa na paneli zimegharimu franka 1,200,000, nasi tunaenda ziwani siku 20 kwa mwezi, zile zisizo na mbalamwezi kali. Kwa mwaka ni siku 240. Gawanya: gharama ya taa ni franka 5,000 kwa usiku mmoja. Toa hizo katika 600,000, zinabaki 595,000. Nusu ya wavuvi ni 297,500, na kila mmoja anapata 59,500.

Lakini nimekaa na wavuvi wa chombo kimoja ambao walikuwa wakikatwa “pesa ya taa” ileile ya zamani, miezi mingi baada ya karabai ya mwisho kuwekwa stoo. Hakuna aliyeuliza. Pesa ya taa ilikuwa desturi, na desturi haiulizwi. Katika mfano wetu, kila mvuvi angepoteza franka 9,500 kwa usiku, yaani 190,000 kwa mwezi. Hizo ni ada za watoto shuleni.

Mshika taa asingenyamaza. Yeye alijua mafuta yametumika kiasi gani, kwa maana aliyatia kwa mkono wake. Ujuzi wake ulikuwa pia ushahidi. Ulipoondoka, wavuvi walibaki bila mtu anayejua gharama ya mwanga.

Ujuzi usiotupwa

Kuna ujuzi wa chombo, na kuna ujuzi wa kazi. Kupiga pampu ni ujuzi wa chombo, waweza kwenda na chombo. Kupiga kafi, kushona wavu uliochanika, kuusoma upepo wa kusini wakati wa kiangazi na mawingu yanayoteremka milimani wakati wa mvua, huo ni ujuzi wa kazi. Katika miaka ya 2022 hadi 2024 nchi yetu ilikosa esansi mara nyingi. Mota zikakaa kimya. Aliyejua kafi alikwenda ziwani; asiyejua alikaa nyumbani, au alinunua esansi ya magendo kwa deni. Asiyejua kushona wavu hungoja fundi, na siku za kungoja hazilipwi.

Mfanyakazi asiye na ujuzi ila wa kubonyeza, humtegemea aliyenunua kitu cha kubonyeza. Hilo ndilo neno langu leo.

Tufanye nini?

Kwanza, katika kila chombo wavuvi wachague mmoja wao wa kuandika hesabu katika daftari: samaki, bei, gharama, mgao. Haihitaji elimu kubwa. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, na hesabu mliyoisoma hapo juu ni ya shule ya msingi.

Pili, chombo kipya kinapoletwa, waulize kabla ya kwenda ziwani: kimegharimu kiasi gani, kitakatwa kiasi gani kwa usiku, na makato yatakoma lini? Wamwulize mwenye chombo kwa heshima, lakini wote pamoja. Mmoja akiuliza peke yake huitwa mkorofi. Wakiuliza wote, hujibiwa.

Tatu, wazee wetu wawafundishe vijana kafi na sindano ya wavu wakati wa mbalamwezi, tunapokaa pwani. Vijana nao wawafundishe wazee kuangalia betri na paneli, ili aliyekuwa mshika taa asiachwe nje ya kazi.

Karabai na ipumzike. Tuliokuwa tukiisikiliza uvumi wake, sasa tusikilize hesabu.

Umoja ni nguvu.